Kasuku Akisema "Karibu"

Mwanafunzi akikariri somo bila kulielewa, mwalimu humwambia, "Wewe ni kasuku." Mimi nimeambiwa hivyo, tena si mara moja. Lakini nimekaa na kasuku nyumbani kwetu Manibe tangu utoto wangu, na leo nataka kuwaeleza wasomaji kwamba sisi watu ndio tusiomwelewa yeye. Maneno ya mdomo wake ni yetu, maana tulimfundisha sisi. Maneno yake mwenyewe huyasema kwa jicho, kwa manyoya, kwa mabawa na kwa mkia. Ada ya somo hili niliilipa kwa kidole changu.

Kasuku huyu ni wa mjomba wangu. Mjomba alikuwa dereva wa lori, akamnunua upande wa Kongo kabla mimi sijazaliwa. Ni ndege wa rangi ya majivu, na mkia wake ni mwekundu kama pilipili mbivu. Tulimwita Karani, kwa sababu kila lililosemwa mbele yake aliliandika kichwani. Alijua kupiga honi ya lori, alijua kukohoa kama mjomba, na mgeni akiingia uani alisema, "Karibu! Karibu!" Watoto wa jirani walikuja kumsikiliza, nasi tukaona fahari.

Miaka mitatu iliyopita mjomba aliugua, akapelekwa Kampala kutibiwa, akakaa huko miezi mitano. Mimi nilikuwa nyumbani kwa likizo, nikaambiwa nimtunze Karani. Siku ya pili nilifungua mlango wa tundu ili nimwekee maji. Karani akasema, "Karibu!" Nikaingiza mkono. Palepale aliniuma kidole, damu ikatiririka, na kovu ninalo mpaka leo. Nilikasirika sana, nikamwita mnafiki.

Usiku ule kidole kikiniuma nilianza kukumbuka jinsi alivyokuwa amesimama kabla ya kuniuma. Nikaanza kumtazama kila siku, na baadaye nikasoma habari za ndege hawa katika vitabu. Nikatambua kwamba Karani hakunidanganya. Alikuwa amenionya mara tatu, ila mimi nilisikiliza mdomo tu. Basi nitaeleza alama hizo moja moja.

Kwanza, jicho. Kasuku mzima ana jicho la rangi ya manjano hafifu, na katikati mboni nyeusi. Moyo wake ukichemka, mboni hupungua ikawa kama ncha ya sindano, kisha hupanuka, kisha hupungua tena upesi upesi. Lakini msomaji asifanye haraka. Jicho hilo halisemi kama ni furaha au hasira. Linasema tu kwamba moyo umechemka. Karani hufanya hivyo akiona karanga, na hufanya hivyo akiona paka. Kwa hiyo lazima utazame na sehemu nyingine za mwili.

Pili, manyoya. Kasuku akijitikisa mara moja, manyoya yakavimba kisha yakalala, huyo ametulia, kama mtu anayejinyoosha baada ya kazi. Akiinamisha kichwa na kusimamisha manyoya ya kisogo huku macho yake yamelegea, anaomba akunwe. Akiyasimamisha manyoya hayo hayo huku mwili umekazwa, jicho linacheza na mkia umetandazwa kama kipepeo cha mkono, weka mkono wako mfukoni. Hivyo ndivyo Karani alivyosimama siku ile. Na kama manyoya yote yamebana mwilini, ndege amekuwa mwembamba na mrefu kama kijiti, hiyo ni hofu. Ndege mwenye hofu huuma hata kama hana hasira nawe.

Tatu, sauti isiyo maneno. Kasuku wa majivu akiogopa sana hunguruma, na mtu asiyemjua hudhani ni mbwa mdogo. Lakini jioni, kabla ya kulala, husaga mdomo wa juu juu ya mdomo wa chini, krr, krr, taratibu. Huyo amani anayo. Mara nyingi wakati huo husimama kwa mguu mmoja, na mwingine ameuficha manyoyani.

Nne, alama za ugonjwa. Hizi msizipuuze. Ndege wa porini huficha udhaifu wake, kwa kuwa mnyonge ndiye anayekamatwa na mwewe. Hivyo ukiona kasuku amevimba manyoya mchana kutwa, amesinzia, hataki kula, au mkia wake unapanda na kushuka kila akivuta pumzi, jua kwamba ugonjwa si wa leo. Mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Sasa nirudi kwa Karani. Mwezi wa pili tangu mjomba aondoke, tulianza kuokota manyoya chini ya tundu kila asubuhi. Kifua chake kikabaki ngozi tupu, kama kuku aliyetiwa maji ya moto. Shangazi, mke wa mjomba, alisema ni panya wanaomtafuna usiku. Mimi nilitazama kichwa chake nikaona kimejaa manyoya, hata moja halikupungua. Nikafahamu. Kichwa ndipo mahali ambapo mdomo wa ndege mwenyewe haufiki. Karani alikuwa akijinyonyoa.

Daktari wa mifugo alikuja, akamtazama kama ana wadudu au maradhi ya ngozi, maana hayo pia huweza kuwa sababu. Hakuona. Akauliza, "Nani alikuwa akikaa naye?" Tukajibu kwamba ni mjomba, kila jioni, kiti chake karibu na tundu. Akauliza, "Na sasa nani?" Sote tukanyamaza. Usiku huo Karani alikohoa kikohozi cha mjomba, na shangazi akatoka nje mbio na taa akidhani mumewe amerudi. Siku zote tulikuwa tunakicheka kikohozi kile. Usiku ule hakuna aliyecheka.

Huenda mtu akasema, ndege ni ndege tu, hawezi kuhuzunika kama mtu. Mtu huyo na asikie habari za kasuku aliyeitwa Alex. Mwanamke mmoja mtaalamu wa Marekani, Irene Pepperberg, alimnunua dukani mwaka 1977, naye alikuwa kasuku wa majivu kama Karani. Alimfundisha miaka thelathini. Alex alijifunza kutaja rangi na maumbo ya vitu, na kuhesabu mpaka sita, na alijibu maswali kuhusu vitu alivyoonyeshwa. Alikufa mwaka 2007. Ndege mwenye akili ya namna hiyo, ambaye porini huruka na kulala pamoja na wenzake wengi, tena anaweza kuishi miaka arobaini au zaidi, umweke peke yake ndani ya waya karibu na moshi wa jiko! Nani asingejinyonyoa?

Tulihamisha tundu kutoka jikoni tukalitundika barazani, mbele ya mwembe. Tulimpa maembe, mapapai na mahindi mabichi, badala ya ugali wa mihogo peke yake, na vijiti vya mti vya kutafuna. Kila jioni mmoja wetu alikaa katika kiti cha mjomba. Mimi nilisomea pale. Manyoya yakaanza kuota tena, ingawa mahali pengine pa kifua hayajaota mpaka leo. Na siku mjomba aliporudi, Karani hakusema neno hata moja. Aliinamisha kichwa na kusimamisha manyoya ya kisogo, macho yamelegea. Kwa mara ya kwanza wote tulielewa.

Nimeandika haya kwa sababu ya jambo moja. Muhula uliopita mwenzangu mmoja aliniuliza kama naweza kumpatia kinda kutoka ng'ambo ya mpaka, amuuze mjini. Nilimjibu hivi. Kinda humjua kwa jicho lake, ambalo ni jeusi, bado halijawa la manjano. Jicho jeusi maana yake ametolewa katika tundu la mti, na wazazi wake wamebaki wakilia. Wakubwa hunaswa kwa ulimbo, na wengi hufa kabla ya kufika sokoni. Mwaka 2023 kasuku zaidi ya mia moja walikamatwa Kisoro wakitoka Kongo. Mataifa yalikubaliana mwaka 2016 kukataza biashara ya kasuku wa majivu wa porini, na sheria ya Uganda ya mwaka 2019 hairuhusu mtu kufuga mnyama wa porini bila kibali.

Mwenzangu akaniuliza, "Na mjomba wako, anacho kibali?" Sikuwa na jibu. Likizo ile nilimpelekea mjomba swali hilo. Alikaa kimya muda mrefu, mkono wake juu ya tundu. Kisha akasema kwamba akipata nafuu atakwenda Arua mwenyewe kuwaona wakubwa wa wanyama pori, awaulize kama Karani anaweza kupelekwa Entebbe, kwenye bustani ya wanyama, akakae na kasuku wenzake. Bado hajaenda. Mimi simlaumu.

Wasomaji wenzangu, na ninyi wazee wa shule mliotutangulia, ambao huenda mna tundu barazani: jioni ya leo msimfundishe kasuku wenu neno jipya. Kaeni, mmtazame.