Saa nzuri ya kucheza ni ya nani?

Leo tuzungumze juu ya jambo linaloonekana dogo: kwenye masomo yetu ya sekondari, nani anacheza basketi saa gani?

Mwingine atacheka: «Watu wanakimbia vita, nawe unatuletea mambo ya mpira!» Lakini fikiri kidogo. Mtoto anajifunza haki kwa vitu anavyoviona kila juma. Kama wasichana wanapewa siku zote saa ile ambayo wavulana hawaitaki, wote wanafundishwa. Msichana anajifunza kwamba yeye hahesabiwi. Mvulana anajifunza kwamba kizuri ni chake bila kuomba. Mafundisho hayo yanafika mpaka nyumbani, siku ya kugawa urithi.

Tuangalie mfano wa mbali, kwa sababu huko neno hili lilifika tribinali. Marekani ina sheria ya 1972, inayoitwa Title IX. Inakataza ubaguzi kati ya wanawake na wanaume katika masomo yanayopata feza za Serikali kuu. Kanuni zake za 1975 zinataja waziwazi saa za michezo na za mazoezi.

Mwaka wa 2009, katika Franklin County, jimbo la Indiana, mwanamke aliyewahi kufundisha ekipe ya wasichana alishitaki. Karibu michezo yote ya wavulana iliwekwa wakati mzuri, hasa jioni ya siku ya tano na ya siku ya posho, watu wakiwa na nafasi. Michezo ya wasichana iliyopata wakati huo ilikuwa kama nusu tu. Mingine iliwekwa katikati ya juma, na kesho yake ni kwenda masomo. Jaji wa kwanza alikataa kesi. Lakini mwaka wa 2012 tribinali ya rufani ilisema kesi iendelee, ikaonyesha hasara tatu: watazamaji wanapungua, kazi za masomo zinaumia, na msichana anaanza kujiona mdogo.

Utasema: «Lakini watu wanapenda kutazama wavulana.» Kweli? Weka mchezo wa wavulana siku ya pili saa saba, jua kali, kila mtu akiwa kazini. Utaona kiwanja kitupu. Mara nyingi ni saa inayoleta watu. Tusimnyime mtu saa nzuri, kisha tumhukumu kwa kukosa watazamaji.

Na kwetu? Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 14, inaagiza viongozi wa Serikali kuondoa ubaguzi wa kila namna juu ya mwanamke. Mapatano ya Umoja wa Mataifa ya 1979, ambayo inchi yetu iliyakubali mwaka wa 1986, yanataka wasichana wapate nafasi sawa katika michezo. Sheria iko. Inabaki kupanga.

Kwetu jua linatua karibu na saa kumi na mbili, na viwanja vingi havina taa. Kwa hiyo tuwe na akili. Kuwapa wasichana siku zote mchezo wa mwisho si heshima, kama watarudi nyumbani gizani na njia haina usalama. Kuwapa siku zote mchezo wa kwanza, kwenye jua kali, si haki vilevile.

Fanyeni hivi. Siku ya posho, mchezo wa kwanza uanze saa nane na nusu, wa pili saa kumi. Wote wamalize kabla ya giza. Juma hili wasichana watangulie, juma lijalo wavulana. Andikeni mpango mwanzoni mwa muhula, wakuu wa ekipe zote mbili wakiwepo, na kuubandika ukutani. Mvua ikiharibu mchezo, aliyepoteza zamu yake airudishiwe. Mwishoni, hesabuni pamoja: kila ekipe ilipata saa nzuri mara ngapi?

Prefe, usiseme tu kwamba unawapenda wote sawasawa. Onyesha hesabu. Na wewe mzazi, siku ya zamu ya binti yako, mpunguzie kazi za nyumbani aende kucheza, nawe uende kumtazama.