KQ itainuka, au tutaendelea kuibeba?

Nipo Kipsongo, Kitale, na wengi ninaokaa nao hapa hawajapanda ndege maishani. Lakini serikali inamiliki asilimia 48.9 ya Kenya Airways tangu madeni yalipogeuzwa hisa mwaka 2017, kwa hivyo hata mama muuza mahindi ana lake humo.

Kwa mwaka 2024 shirika lilitangaza faida ya shilingi bilioni 5.4, ya kwanza baada ya miaka 11. Watu wakashangilia. Mimi nasema tuisome vizuri hesabu ile. Madeni mengi ya KQ ni ya dola. Shilingi ilipopata nguvu mwaka huo, mzigo ukapungua wenyewe. Nusu ya kwanza ya 2025 ikaja hasara ya bilioni 12, maana Dreamliner tatu kati ya tisa zilikaa chini zikingoja injini.

Abiria wapo, zaidi ya milioni tano mwaka 2024. Kinacholiumiza shirika ni kwamba madeni yameizidi mali. Asipopatikana mwekezaji wa kutia mtaji mpya, wala si mkopo mwengine, faida yoyote italiwa na riba. Mwekezaji huyo ametafutwa miaka, na kila akikosekana, mkono huenda Hazina, kwenye kodi ya yule mama wa mahindi.