"Tairi ya 14" ni ipi? Uliza kabla hujavuka mpaka

Anayeuza tairi za bodaboda hasumbuki sana na vipimo. Pikipiki nyingi za abiria hutumia rimu za inchi 17 au 18, na tairi isiyonunuliwa leo itampata mtu wiki ijayo. Pikipiki ndogo za motokrosi, zile za mbio za kwenye udongo na matuta, ni biashara nyingine. Wateja ni wachache, wengi wao wazazi wanaowapeleka watoto kwenye viwanja kama Jamhuri jijini Nairobi na Garuga karibu na Entebbe. Tairi ikikataa kuingia kwenye rimu, hakuna jirani wa kumuuzia.

Kosa huanzia kwenye simu. Mzazi wa Kampala anampigia mfanyabiashara aliye Nairobi: "Ndugu yangu, mbio ni Jumapili. Nichukulie tairi ya 14 ya mtoto."

Ya 14 ipi? Pikipiki ya cc 65 kwa kawaida ina rimu ya inchi 14 mbele na 12 nyuma. Ile ya cc 85 yenye magurudumu madogo ina 17 mbele na 14 nyuma. Yaani "tairi ya 14" yaweza kuwa ya mbele ya pikipiki moja au ya nyuma ya nyingine, na hizo mbili hazibadilishani. Ya kwanza huandikwa 60/100-14, ya pili 90/100-14. Tofauti ya upana ni milimita 30.

Na hata akisema "ya 85", bado hujamaliza. Pikipiki za cc 85 huja kwa namna mbili. Mtoto mfupi hupewa yenye magurudumu madogo, ambayo tairi zake ni 70/100-17 na 90/100-14. Akirefuka huhamia yenye magurudumu makubwa, 70/100-19 na 90/100-16, ambayo humwinua juu zaidi na kupita mashimo kwa urahisi. Injini ni ileile, hivyo mzazi asiye fundi hatajua kukwambia. Ndiyo maana sipendi kuchukua oda ya tairi hizi kwa maneno matupu. Mwombe apige picha ubavu wa tairi iliyochakaa, akutumie kwa simu.

Kuisoma ni rahisi. Katika 90/100-14, namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana huo, kwa hiyo hapa ubavu nao ni milimita 90. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Usizigeuze: 100/90-19 ipo pia, lakini ni ya nyuma ya pikipiki ya cc 125. Tyubu nayo inunuliwe kwa kipimo hichohicho.

Kisha uliza uwanja ukoje. Penye tope au udongo laini, meno ya tairi huwa marefu na yameachana ili tope lidondoke. Penye udongo mkavu mgumu, huwa mafupi na yamekaribiana, maana yale marefu hupinda na kukatika. Ziko za katikati, na kwa mfanyabiashara asiye na uhakika hizo ndizo salama.

Tazama pia tarakimu nne za tarehe. 1424 maana yake wiki ya 14 ya mwaka 2024. Mpira uliokaa juani dukani hukauka na kuwa mgumu hata kama haujagusa udongo, na punguzo la bei mara nyingi linatokana na hapo.

Sasa forodha, mahali faida inapoliwa. Cheti cha uasili kilichorahisishwa, kwa shehena isiyozidi dola 2,000, ni cha bidhaa zinazotoka ndani ya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tairi iliyotengenezwa Asia haigeuki kuwa ya Kenya kwa sababu una risiti ya duka la Nairobi. Nchi ilikotengenezwa imechapwa ubavuni, na afisa wa Busia anaisoma kama unavyoisoma wewe. Ulizia ushuru kwa wakala wa forodha kabla ya kulipa dukani, uuingize kwenye bei unayomtajia mteja, na chukua malipo ya awali.

Ukibakiwa na moja, usimshawishi mwendesha bodaboda ailazimishe kwenye pikipiki yake. Nyingi zimeandikwa ubavuni kwa Kiingereza kwamba si za barabarani. Meno yale huyumba kwenye lami na huisha haraka, na anayebebwa nyuma hajui lolote kuhusu motokrosi.