Intaneti Haitoki Angani, Imelala Baharini Hapa Kwetu

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mamangu alikaa barazani tangu alasiri mpaka adhana ya isha, simu iko mapajani. Dadangu mdogo yuko Muscat, kazi ya nyumbani, na Jumapili ndiyo siku yake ya kutuletea habari. Kule kupiga simu kwa WhatsApp ni taabu, kwa hivyo yeye hurekodi sauti akatuma, nasi hurekodi tukamrudishia. Jumapili ile haikuwa ya salamu tu. Mwajiri wake alikuwa hajamlipa miezi miwili, na alikuwa ametuambia siku hiyo ndiyo atakayokwenda kumkabili, ama alipwe ama ahame.

Sauti ilifika. Dakika tatu na sekunde kidogo. Tuliiona pale, na kale kamstari kake, lakini kila tukiibonyeza kaduara kalizunguka, kakazunguka, kakasimama. Mama akanipa simu akaniambia, "Hebu wewe uliyesoma, ifungue." Nikaizima simu nikaiwasha. Nikatia bando jipya. Nikapanda mpaka darini. Wapi! Usiku ule hakulala, na mzazi mwenye mtoto Uarabuni anajua kwa nini hakulala.

Kesho yake asubuhi mtaani kila mtu alikuwa na lake. Kijana wa duka la simu alisema ni serikali. Ami yangu alisema ni kampuni zinatula bando. Muuza mahamri akasema ni mvua, maana ilikuwa kweli msimu wa mvua. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshailaumu simu ya mama, ambayo haikuwa na kosa lolote. Kumbe waya mbili zilikuwa zimekatika chini ya bahari, mbali huko Afrika Kusini.

Wengi wetu tukisema "mtandao" tunaangalia juu. Tunaonyesha mlingoti, tunazungumza habari za setilaiti. Mlingoti ule ni wa kipande kifupi tu, kutoka simu yako hadi mtaa wa pili. Kutoka hapo ni waya, na ukitaka kuvuka kwenda Uarabuni, Ulaya au Marekani, karibu kila kitu, zaidi ya asilimia 95, hupita chini ya bahari. Na nchi hii mlango wake ni Mombasa. Kila anayefungua video Nairobi, Kisumu au hata Kampala, kuna uwezekano mkubwa kwamba alichofungua kimepita mchangani kwetu kwanza.

Waya wa kwanza wa faiba kuanza kutuhudumia ulikuwa SEACOM, uliowashwa Julai 2009. Mwaka huo huo ukaja TEAMS, ambao serikali ya Kenya ilishirikiana na makampuni kuuleta, kutoka Fujairah kule Falme za Kiarabu mpaka Mombasa. Rais Kibaki mwenyewe alikuja kuupokea mwezi wa Juni. Mwaka 2010 ukafuata EASSy, unaoshuka kutoka Port Sudan mpaka Mtunzini, Afrika Kusini, ukigusa mwambao wote huu wetu. LION2 ukapanda nchi kavu Nyali mwaka 2012. Baadaye DARE1, PEACE na 2Africa. Wazee wetu walizoea majahazi ya kusi na kaskazi, na njia za nyaya hizi hazitofautiani sana na zile za majahazi: juu Uarabuni, chini Msumbiji. Hata waya wa kwanza kabisa wa simu za maandishi uliokuja pande hizi, mwaka 1879, ulitoka Aden ukashuka Unguja.

Aliyeishi kabla ya 2009 atakumbuka tulivyokuwa. Wakati ule kweli tulitegemea setilaiti, zilizo juu kilomita 36,000 hivi. Sauti iende juu irudi chini, ujibiwe, nayo tena iende juu irudi chini. Ukimpigia mtu Uingereza mnagongana maneno kama watu wawili mlangoni, "pita wewe, la, pita wewe." Na bei! Tulikuwa tunalipa kwa dakika kwenye saiba, unaandika barua pepe yako kwenye karatasi kabla hujaingia.

Sasa waya wenyewe ukoje? Watu wakisikia kebo ya kuunganisha mabara hudhani ni kitu kinene kama gogo la mnazi. Kwenye kina kirefu unene wake si mkubwa kuliko ule mpira wa kumwagilia maua. Ndani yake kuna nyuzi za kioo, kila uzi mwembamba kama unywele, na ndani ya uzi huo hupita mwanga unaowaka na kuzimika mabilioni ya mara kwa sekunde. Huko kuwaka na kuzimika ndiyo sauti ya dadangu. Mwanga ndani ya kioo huenda kilomita kama 200,000 kwa sekunde, na Fujairah iko kama kilomita 5,000 kwa njia ya waya. Piga hesabu: sehemu moja ya arobaini ya sekunde. Hujamaliza kupepesa jicho.

Mwanga nao huchoka njiani. Kwa hivyo kila baada ya kilomita 60 mpaka 100 kuna chombo cha kuutia nguvu, na vyombo hivyo vinahitaji stima, nayo hutoka kwenye vituo vya pwani, volti maelfu kwa maelfu, ikipita kwenye koti la shaba ndani ya waya huo huo. Ukikaribia nchi kavu waya huvishwa vyuma kuuzunguka, safu moja au mbili, kisha huzikwa chini ya mchanga. Kule kwenye kina, maili mbili tatu kwenda chini, huachwa umelala tu juu ya tope. Hakuna wa kuusumbua.

Huku karibu ndiko kwenye hatari. Duniani kote nyaya hizi hukatika mara 150 mpaka 200 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya hizo si papa wala maadui. Ni nyavu za kukokota na nanga. Sisi tunalijua hilo vizuri kuliko wengine. Februari 2012 meli iliyokuwa ikingoja zamu ya kuingia bandari ya Mombasa ilitia nanga pasipotakiwa, ikaukata TEAMS. Siku chache kabla yake nyaya nyingine zilikuwa zimekatika Bahari ya Shamu. Kenya na majirani zake wakatambaa kwa wiki kadhaa.

Na ile ya 2024 ilianza pia Bahari ya Shamu. Mwezi wa Februari meli iitwayo Rubymar ilipigwa kombora, mabaharia wakaikimbia, nayo ikaelea huku ikiburuta nanga yake kabla ya kuzama mwanzoni mwa Machi. Inaaminika nanga hiyo ndiyo iliyokata nyaya tatu, SEACOM ikiwemo. Kutengeneza pahali penye vita si kazi ya siku mbili, kwani nani atapeleka meli yake? Kwa hivyo SEACOM ikabaki na mguu mmoja, ule wa kusini. Tarehe 12 Mei mguu huo wa kusini nao ukakatika, pamoja na EASSy, kaskazini mwa Durban. Halmashauri ya Mawasiliano ilitoa taarifa kwamba TEAMS ni mzima na unatumika. Lakini barabara tatu zikifungwa mbili, magari yote yataingia ile moja. Aliyewahi kushikwa na foleni ya Likoni feri moja ikiharibika hahitaji maelezo zaidi.

Hapo ndipo nilipoelewa kaduara ka mama. Ujumbe wako hauendi mzima kama barua ndani ya bahasha. Hukatwa vipande vidogo vidogo, kila kipande na anwani yake, na huko mwisho hupangwa tena. Njia ikijaa, vipande hudondoka, navyo huombwa vitumwe upya, na hayo maombi nayo huongeza foleni. Taarifa kwamba "una ujumbe wa sauti" ni kipande kimoja, kikapenya. Sauti yenyewe ya dakika tatu ni mamia ya vipande, na simu haitakufungulia mpaka vikamilike. Ndiyo maana uliona jina lake, ukaona saa aliyotuma, ukakosa alichosema. Bora kisingefika kabisa, alisema mama.

Na ndiyo maana siku ile ile M-Pesa ilikuwa ikifanya kazi. Ami yangu alitumia hilo kama ushahidi wake: "Mbona pesa zinakwenda? Wanachotaka kifanye kazi kinafanya." La, ami. Pesa kutoka kwako hadi kwa muuza samaki Marikiti hazina haja ya kuvuka bahari, hesabu yake inafanyika humu humu nchini. Kenya ina vituo vya kubadilishana intaneti, Nairobi na hapa Mombasa, ambavyo kazi yake ni kuhakikisha ya hapa yanamalizikia hapa. Hata video nyingi maarufu huwekwa nakala karibu, kwa hivyo unaweza kukuta YouTube inafunguka na sauti ya mtoto wako haifunguki. Inakera, lakini si njama.

Simlaumu sana ami lakini. Mwezi mmoja baadaye, Juni 25, siku ya maandamano makubwa, mtandao ulidorora tena, na tukaambiwa tena ni nyaya mbili za baharini. Uganda na Burundi nazo zilidorora saa hizo hizo, maana sehemu ya intaneti yao hupitia kwetu. Wengi hawakuamini maelezo yale, na mimi sitajifanya hakimu. Ninachosema ni kwamba mtu asiyejua waya uko wapi hana la kuuliza. Anayejua atauliza: waya gani, umekatika kilomita ngapi kutoka wapi, meli ya kutengeneza imetoka bandari gani? Hayo yote hujulikana. Kituo cha pwani hupiga mwanga ndani ya uzi uliokatika, mwanga ukafika pale ulipokatika ukarudi, na kwa muda uliotumia fundi hujua umbali. Kisha meli huenda, hushusha ndoana ikakokota chini mpaka iunase, huvuta ncha moja juu ya sitaha, kisha nyingine, na mafundi huunga zile nyuzi za kioo moja moja kwa moto ndani ya chumba kisafi. Meli zenye kazi hii ni chache, na inayotuhudumia sisi maegesho yake ni Cape Town. Upepo ukiwa mkali hungoja.

Nina dukuduku moja, nalo ni la wavuvi wetu. Waya ukipita, bahari ile inakuwa na mipaka: hapa usitie nanga, hapa usikokote wavu. Mimi nimekaa na wavuvi wanaojua kila mwamba kwa jina, na niliowauliza wachache hakuna aliyewahi kuonyeshwa ramani ya nyaya hizi. Kamati za fuo zipo, mikutano hufanywa. Kuna ugumu gani kubandika ramani moja ukutani pale samaki wanapopimwa? Wavuvi wenye ngalawa na mshipi si ndio wanaokata, hilo lieleweke, wale wa nanga za tani ndio hatari. Lakini wavuvi ndio wanaoiona meli ikitia nanga pasipofaa, kabla ya mtu mwingine yeyote. Wangepewa namba ya kupiga tu. Halafu inaniuma kidogo kwamba waya wa nchi nzima unapanda mchangani hapa, na mtoto wa jirani yangu ananunua bando la shilingi 20 ajifunzie mtihani, linamwishia katikati ya somo.

Kuna wanaosema siku hizi setilaiti za karibu, kama Starlink iliyoanza Kenya Julai 2023, zitaondoa shida hii. Kwa bara mbali na kwa visiwa ni neema. Ila waya mmoja mpya hubeba mzigo ambao setilaiti hizo haziwezi, na hata zenyewe zikishuka ardhini huingia kwenye waya. Sisi nyumbani tulichofanya ni kidogo: tuliandika kwenye daftari namba ya kawaida ya dadangu na ya mwenzake wanayekaa mtaa mmoja, na mama sasa huweka salio la kutuma ujumbe mfupi nje. Ujumbe mfupi ni mwepesi, hujipenyeza mahali sauti imekwama. Ndivyo alivyotupata Jumatatu jioni, maneno matatu: nimelipwa mmoja, nimekaa.

Sauti yenyewe ilifunguka Jumanne, kabla ya alfajiri. Mama aliisikiliza mara tatu. Amelipwa mwezi mmoja, wa pili ameahidiwa, atangoja mpaka mwisho wa mwezi kisha aamue. Dakika ya mwisho yote ilikuwa anauliza kama bati la jikoni limeshabadilishwa, na anacheka. Nikamweleza mama habari za waya, na meli, na ndoana, na mafundi wanaounga kioo usiku baharini. Akanyamaza kidogo. Tangu siku hiyo, mpaka mwezi ukakaribia kwisha, kila asubuhi akinipa chai alikuwa ananiuliza kama wale watu wa meli wameshafika, na kama bahari ni tulivu huko.