Fedha za Karafuu na Mkahawa wa Mzinga: Tupime Kwanza



Wapo miongoni mwetu wenye watoto na jamaa Morogoro, nao wametuuliza kama yafaa kutia fedha za karafuu katika mkahawa huko Mzinga, chini ya milima ya Uluguru. Jawabu letu ni kwamba yafaa, ila kwa hesabu. Mkarafuu huzaa sana mwaka mmoja, kisha ukapumzika. Fedha ya msimu mwema ikipotea, huchukua miaka kurudi.

Kutotegemea zao moja ni jambo la busara. Dhoruba ya mwaka 1872 iliangusha mikarafuu ya Unguja, na waliokuwa na mikarafuu tu walibaki mikono mitupu.

MAHALI. Mzinga hupita mto wa jina hilo hilo, unaoingia Bwawa la Mindu. Wapo wafanyakazi wa Shirika la Mzinga, na wapo wapita njia. Kabla ya kulipa kodi, simama hapo siku 3, asubuhi na jioni, uhesabu watu. Baridi ya Juni na Julai huleta wanywaji. Mchana wa Ramadhani huwaondoa, hata usiku baada ya futari.

NAFASI. Tuchukue chumba cha mita 5 kwa 4, yaani mita 20 za mraba. Jiko, maji na meza ya kuuzia vitachukua kama mita 7. Zinabaki 13. Mtu mmoja na kiti chake na njia ya kupita ahitaji mita 1 na robo au zaidi kidogo; basi ni watu 10. Usiwabane 16. Afadhali ujenge baraza nje, kwani sisi watu wa visiwani twajua kwamba kahawa huuzwa na mazungumzo. Atazamaye Jaws Corner, Mji Mkongwe, ataona.

GHARAMA. Bei hizi ni za mfano tu. Kila mmoja aulize za kwake. Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi 6 mbele.

Kodi, miezi 6 kwa Sh. 100,000/-: 600,000/-
Matengenezo na rangi: 350,000/-
Meza na mabenchi: 400,000/-
Jiko, madele na vikombe: 250,000/-
Leseni ya Manispaa na vibali vya afya: 200,000/-
Kahawa, sukari na viungo vya kuanzia: 200,000/-
Jumla: 2,000,000/-

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapoanguka. Kila mwezi kuna kodi 100,000/-, msaidizi 220,000/-, mkaa, maji na umeme 80,000/-, jumla 400,000/-. Tukiuza kikombe kwa 300/-, na kahawa na sukari yake ikagharimu 100/-, inabaki 200/-. Basi ni vikombe 2,000 kwa mwezi, au 80 kwa siku kwa siku 25, kabla mwenye mkahawa hajapata hata senti. Akitaka 200,000/- za nyumbani kwake, ni vikombe 120 kwa siku: kila kiti kikaliwe mara 12! Ndiyo maana kashata, chapati na maandazi si nyongeza. Ndivyo vinavyobeba kodi.

Kwa sababu hiyo weka akiba ya miezi 3 ya mshahara, mkaa, maji na umeme, Sh. 900,000/-. Mtaji wa kweli, basi, ni 2,900,000/-. Aliye na milioni 2 tu aanze na dele na benchi la barazani.

Tena, ununuapo kahawa mbichi, kumbuka kwamba kilo 1 ikikaangwa hubaki kama gramu 800 na kitu. Na karafuu za kutia ndani ya dele si lazima zisafirishwe kutoka kwetu: wakulima wa Matombo na Kinole wanazo.

Mwisho, fedha ya mkahawa isichanganywe na ya nyumbani. Wazee wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mwanachama atakaye kupitia hesabu yake pamoja nasi alete daftari ofisini kabla hajaweka sahihi mkataba wa nyumba, si baada yake.

Katibu