Ua la Mbuni: Mbegu ya Jinja na Mbegu ya Mbale

Mvua ikinyesha baada ya kiangazi, hazipiti siku nyingi mibuni huchanua yote kwa pamoja, na kwa muda wa siku mbili tatu shamba zima huwa jeupe na kunukia kama asumini. Ndivyo ilivyo katika mashamba ya Busoga yaliyo jirani na Jinja, ambako hulimwa robusta, na ndivyo ilivyo katika miteremko ya Mlima Elgon juu ya Mbale, makao ya arabika. Kwa macho ya mpita njia maua hayo ni mamoja. Hata hivyo, mwenye shamba wa Jinja akichuma buni za mti wake mzuri kuliko yote na kuzifanya mbegu, huenda akajuta baada ya miaka mitatu. Mwenziwe wa Mbale akifanya vivyo hivyo, kwa kawaida hupata alichokitarajia.

Sababu imo ndani ya ua. Ua la mbuni lina sehemu za kiume na za kike pamoja. Petali zake zimeungana chini zikawa mrija, na penye mdomo wa mrija huo zimeshikizwa stameni, zitoazo chavua, yaani ule unga wa manjano. Katikati hutokeza kijiti chembamba chenye ncha mbili: hiyo ndiyo stigma, mlango wa kupokelea chavua. Chini kabisa imo ovari yenye vijiyai viwili, na ndiyo maana buni moja huwa na punje mbili zinazotazamana kwa upande wa bapa.

Arabika huipokea chavua yake yenyewe, hata mtoto akafanana sana na mzazi. Robusta huikataa. Chembe ya chavua ikiangukia stigma ya mti ule ule, kijimrija kinachopaswa kushuka hadi kwenye ovari hukwama njiani. Sharti ije chavua ya mti mwingine, iletwe na upepo au nyuki. Kwa hiyo buni ya robusta ina mama anayejulikana na baba asiyejulikana, na miche yake hutoka mchanganyiko: huu wazaa sana, ule hauzai, wa tatu hauna nguvu za kupambana na maradhi.

Jambo hili lilidhihirika kwa uchungu baada ya 1993, ulipogunduliwa nchini Uganda ugonjwa wa mnyauko wa kahawa. Ugonjwa huo huletwa na kuvu aingiaye katika mishipa ya mti na kuzuia maji kupanda. Majani hupukutika, matawi hukauka, na mti ulioanza kunyauka haurudi tena. Katika muda wa miaka kumi hivi iliyofuata, inakadiriwa kuwa karibu nusu ya mibuni ya robusta ilikufa, na pamoja nayo ada za shule za watoto wengi. Ni jambo la kawaida mkulima kuutazama mti uliosalimika na kuzipanda mbegu zake; lakini baba wa mbegu hizo huenda ni jirani yule yule aliyekauka.

Watafiti hawaachi mambo hayo mikononi mwa upepo. Katika arabika, siku moja kabla ua halijafunguka, wakati chipukizi ni jeupe na limesimama kama mshumaa mdogo, mfanyakazi huvuta mrija wa petali taratibu. Kwa kuwa stameni zimeshikana nao, sehemu zote za kiume hutoka mara moja na stigma hubaki peke yake. Tawi hufunikwa mfuko, chavua ya baba aliyechaguliwa hupakwa, kisha mfuko hurudishwa. Katika robusta kazi ni nyepesi kidogo, kwani ua lenyewe limekwisha kumkataa wa nyumbani. Yatosha kuwazuia wageni. Huko Ruiru, Kenya, mbegu ya arabika iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa 1985 ili kukabili chulebuni, hutengenezwa kwa mikono namna hiyo, ua kwa ua. Si ajabu kwamba haikuwahi kutosha.

Kwa robusta, kituo cha utafiti cha Kituza, wilayani Mukono, kilitoa aina zinazostahimili mnyauko, zenye alama ya KR. Hizo hazizalishwi kwa mbegu, bali kwa vikonyo, yaani vipande vya machipukizi vinavyooteshwa mizizi, ili kila mche uwe mti ule ule wa asili. Mama wa nyumbani wa Jinja anunuapo miche hiyo na aulize alama zake. Asichukue ya alama moja tu, hata akisifiwa namna gani: miche ya kikonyo kimoja ina chavua moja, nayo itakataana shambani. Achukue ya aina kadhaa, na aipande kwa kuichanganya.