Kujifungua Salama ni Haki, Si Bahati

Na Mganga Msaidizi wa Vijijini

Leo tuzungumze juu ya jambo linaloigusa kila nyumba kijijini. Tuzungumze juu ya mama mja mzito.

Wazee wetu walisema kwamba mja mzito mguu wake mmoja uko kaburini. Walisema hivyo kwa sababu waliyaona. Mama alitoka nyumbani akitembea, akarudi amebebwa. Msibani watu walifarijiana wakisema, "Kazi ya Mungu haina makosa."

Ni kweli, kazi ya Mungu haina makosa. Lakini kazi ya binadamu ina makosa. Je, mama anapokufa kwa uzazi, tumewahi kukaa pamoja na kuuliza ni kazi ya nani iliyokuwa na makosa?

Leo nitakusimulia habari za mama mmoja aliyeuliza swali hilo. Aliishi mbali sana na sisi, katika nchi ya Brazil, Amerika ya Kusini. Alimzika binti yake, kisha akauliza. Swali lake lilifika Umoja wa Mataifa, likajibiwa.

SIKU SITA ZA ALYNE

Binti huyo aliitwa Alyne da Silva Pimentel. Alikuwa na umri wa miaka 28. Alikuwa mweusi, wa uzao wa Waafrika. Hakuwa na mali. Alikuwa na mume, na mtoto wa kike wa miaka 5. Aliishi katika mji wa Belford Roxo, karibu na jiji la Rio de Janeiro.

Mwezi Novemba mwaka 2002 Alyne alikuwa na mimba ya miezi 6. Tarehe 11 alikwenda hospitali moja ya watu binafsi. Alikuwa na kichefuchefu kikali na maumivu makali ya tumbo. Walimpa dawa, wakamrudisha nyumbani. Walimwambia arudi baada ya siku 2 kupimwa damu na mkojo.

Tarehe 13 alirudi, hali yake ikiwa mbaya zaidi. Walipompima, moyo wa mtoto haukuwa ukidunda. Mtoto alikuwa amekwisha kufa tumboni. Walimwanzishia uchungu, akamzaa mtoto yule mfu. Vipande vya kondo la nyuma vikabaki tumboni. Vipande hivyo hutakiwa kuondolewa haraka. Vya Alyne viliondolewa baada ya muda wa saa 14. Hali yake ikazidi kuwa mbaya. Alitoka damu, na nguvu zikamwishia.

Tarehe 15 ilionekana kwamba ni lazima apelekwe hospitali kubwa. Hospitali iliyokuwa na nafasi ilikuwa na gari moja tu la wagonjwa. Gari hilo halikutumwa kumchukua. Jamaa zake walitafuta gari jingine, wakakosa. Alyne alingoja kwa muda wa saa 8. Mwishoni alikuwa akionyesha dalili za kupoteza fahamu.

Alifika hospitali ile usiku. Hapakuwa na kitanda, akalazwa kwenye korido. Karatasi za matibabu yake hazikuletwa pamoja naye. Waganga wapya walielezwa kwa maneno tu. Siku ya pili yake, tarehe 16, Alyne akafa.

Ndugu msomaji, rudi nyuma uisome tena habari hii polepole. Hesabu ni mara ngapi mama huyu alingojeshwa.

MAMA YAKE AKAULIZA

Mama yake Alyne hakukubali kwamba ni bahati mbaya tu. Mwaka 2003 jamaa zake walifungua kesi katika mahakama ya nchi yao. Miaka ikapita bila hukumu. Basi mwaka 2007 mama huyo, akisaidiwa na wanasheria, alipeleka malalamiko Umoja wa Mataifa. Huko iko kamati ya wataalamu 23. Kazi yao ni kuangalia kama nchi zinatimiza Mkataba wa Kuondoa Aina Zote za Ubaguzi Dhidi ya Wanawake.

Serikali ya Brazil ilijitetea. Ilisema kwamba kifo hicho hakikutokana na uzazi. Kamati haikukubali. Mwezi Julai mwaka 2011 ilitoa uamuzi wake. Ilisema Alyne alinyimwa haki yake ya kupata matibabu. Ilisema pia kwamba alibaguliwa kwa kuwa ni mwanamke, kwa kuwa ni mweusi, na kwa kuwa ni maskini. Tena ilisema kwamba hata kama hospitali ni ya watu binafsi, serikali ina wajibu wa kuisimamia.

Uamuzi huo ulikuwa wa kwanza wa aina yake. Hapo nyuma hakuna kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mikataba ya haki za binadamu iliyowahi kuamua kwamba nchi imevunja haki za mama aliyekufa kwa uzazi.

Mwaka 2014 Brazil ilimlipa fidia mama yake Alyne. Mwezi Septemba mwaka 2024 serikali ya nchi hiyo ilianzisha mpango mpya wa kupunguza vifo vya akina mama. Mpango huo umepewa jina lake: Mtandao wa Alyne. Fedha na jina havikumfufua. Lakini swali la mama mmoja limekuwa kazi ya taifa zima.

HAKI NI DENI

Pengine unauliza, "Haki na fadhila vina tofauti gani?" Tofauti ni kubwa. Mtu akikutendea fadhila, unashukuru. Asipokutendea, unanyamaza. Haki ni deni. Usipolipwa deni lako unauliza, na mwenye kudaiwa hana budi kujibu.

Mwaka 1948 mataifa yalitoa Tamko la Haki za Binadamu. Tamko hilo linasema kwamba mama na mtoto wana haki ya kutunzwa na kusaidiwa kwa namna ya pekee. Mwaka 1979 ukaandikwa ule Mkataba wa wanawake niliokwisha kuutaja. Mkataba huo unazitaka serikali ziwape akina mama huduma zinazofaa wakati wa mimba, wakati wa kujifungua na baada ya kujifungua. Panapohitajika, huduma hizo zitolewe bila malipo. Wanawake wa vijijini wametajwa katika kifungu chao wenyewe. Tanzania iliuridhia Mkataba huo mwaka 1985. Kwa hiyo mama wa kijijini kwetu naye anadai deni lile lile alilodai Alyne.

Deni hili bado ni kubwa duniani. Mwaka 2023 wanawake wapatao 260,000 walikufa kwa sababu za mimba na uzazi. Hesabu hiyo ni kama mama mmoja kila dakika 2. Kati ya kila 10 waliokufa, 7 hivi walikuwa wa Afrika kusini mwa Sahara. Wengi walikufa kwa kutoka damu nyingi, kwa shinikizo la damu na kifafa cha mimba, au kwa vijidudu vilivyoingia mwilini. Magonjwa haya yanatibika kama mama amewahi.

Je, nchi isiyo tajiri inaweza kulipa deni hili? Inaweza. Tazama Sri Lanka, kisiwa kilicho katika bahari yetu ya Hindi. Katika miaka ya 1930, kati ya kila akina mama 1,000 waliojifungua, zaidi ya 15 walikufa. Siku hizi hafi hata mmoja kati ya 1,000. Walifanya nini? Walifundisha wakunga na kuwapeleka vijijini. Walitoa matibabu bila malipo. Walisomesha wasichana. Na kila mama alipokufa kwa uzazi, walikaa na kuchunguza sababu.

KUNGOJA MARA TATU

Sasa turudi kijijini kwetu. Wataalamu wanasema kwamba mama huangamia kwa kungoja mara tatu. Kungoja kwa kwanza ni nyumbani, kabla ya kuamua kwenda. Kungoja kwa pili ni njiani. Kungoja kwa tatu ni pale pale penye matibabu.

Nitakupa mfano, na mfano huu unanihusu mimi mwenyewe.

Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi, mama mmoja mja mzito aliletwa zahanati asubuhi kwa baiskeli. Alikuwa akitoka damu tangu jioni ya jana yake. Kwa nini hakuletwa usiku? Mume alikuwa safarini, na watu wa nyumbani walingoja ruhusa yake. Hata fedha ya nauli ilikuwa mfukoni mwake. Huko ndiko kungoja kwa kwanza.

Nilimpa huduma ya kwanza, tukatafuta gari. Tulilipata mchana. Lilikuwa gari la kubeba mkaa. Huko ndiko kungoja kwa pili.

Kungoja kwa tatu nilikusababisha mimi. Kwa haraka na hofu, nilimpandisha mama yule garini bila barua. Sikuandika damu ilianza kutoka lini. Sikuandika dawa niliyompa. Kadi yake ya kliniki ilibaki juu ya meza yangu. Huko alikopelekwa walianza kumwuliza upya, naye hakuwa na nguvu ya kujibu. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Jioni niliikuta ile kadi mezani. Nilikaa chini, nikashindwa hata kufunga mlango. Baadaye niliposoma habari za Alyne, nikafika mahali pa zile karatasi zilizoachwa, niliikumbuka kadi ile. Siku hizi barua huiandika kwanza, hata dereva akipiga honi.

Nimeyasema haya ili ujue kwamba deni hili lina wadaiwa wengi. Serikali inadaiwa. Sisi waganga na wakunga tunadaiwa. Waume, wakwe na majirani wanadaiwa pia.

DALILI ZISIZONGOJA

Mpeleke mja mzito penye matibabu mara moja, hata kama ni usiku, ukiona dalili moja kati ya hizi:

1. Anatoka damu.
2. Kichwa kinamwuma sana, au macho hayaoni vizuri.
3. Uso na mikono vimevimba.
4. Ana degedege au amepoteza fahamu.
5. Ana homa kali.
6. Tumbo linamwuma sana.
7. Mtoto amepunguza au ameacha kucheza tumboni.
8. Chupa imepasuka kabla ya uchungu kuanza.
9. Uchungu umezidi muda wa saa 12 na mtoto hajazaliwa.

Baada ya kujifungua, damu nyingi, homa, degedege au kondo lisilotoka ni hatari vilevile.

TUFANYE NINI?

Wewe mume, kabla hujasafiri acha ruhusa na nauli nyumbani. Mkeo asingoje neno lako wakati damu inamtoka.

Wewe mama, anza kliniki mapema. Kadi yako iweke mahali panapojulikana na watu wote wa nyumbani. Ukihamishiwa hospitali, dai barua yako. Usione haya. Unadai haki yako.

Ninyi majirani, wekeni akiba ya safari pamoja. Fahamuni nani ana gari au pikipiki, na nani yuko tayari kutoa damu.

Kamati ya afya ya kijiji, ulizeni katika mkutano: Gari la wagonjwa liko wapi? Zahanati ina dawa ya kuzuia damu? Usiku anabaki nani? Na mama akifa kwa uzazi, baada ya matanga kaeni na kuuliza alingoja wapi. Msiulize ili kumtafuta mtu wa kumlaumu. Ulizeni ili mama mwingine asingoje mahali pale pale.

Mama yake Alyne aliuliza akiwa amekwisha kuzika. Sisi tuulize mapema.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Alyne alingojeshwa mara ngapi, na wapi?
2. Haki na fadhila zina tofauti gani?
3. Nyumbani kwako, nani huamua mama aende zahanati? Kama mtu huyo hayupo, inakuwaje?
4. Kutoka kijijini kwenu, mama atafikaje hospitali usiku wa leo?